Alhamisi ya Kwanza ya Mwezi: Umm Kulthum na Sisi wa Kando ya Ziwa

Mwezi uliopita katika kikao chetu cha wanawake hapa Mwanza, mwenzetu mmoja alikuja na swali lililofanya chai ipoe vikombeni. Binti yake ana miaka 13. Akisoma kasida kwenye maulidi, watu hunyamaza. Sasa amejitokeza kijana mwenye studio ndogo, anataka kumrekodi kwa sauti na kwa picha, na anasema hatatoza hata senti. Mama hajui amjibu nini.

Baadhi yetu tulisema mtoto asitoke kabisa, sauti yake ni stara yake. Wengine tulisema kipaji ni amana, na amana haipaswi kuozea sandukuni. Maneno yalipanda, tukakatishana, na hatukufika popote.

Ndipo bibi mmoja, mtu mzima kuliko sote, aliyeletwa Mwanza akiwa bi harusi kutoka Unguja kabla ya Uhuru, akatuuliza kama tunamjua Umm Kulthum. Jina tulilijua. Nani hakulisikia, sisi wana wa visiwani tuliokulia kwenye taarabu? Lakini maisha yake, hatua kwa hatua, hatukuyajua. Bibi akasema tukayatafute kwanza, kisha turudi kwenye swali la mtoto. Tumeyatafuta, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Maji yanayokwenda kwao

Ninyi mlioko visiwani mmezoea bahari. Sisi tuliohamia bara tumezoea Ziwa, hili la maji baridi, lenye sato na dagaa, lenye mawe makubwa yaliyopangana kama mtu aliyapanga kwa mkono. Jioni tukishuka karibu na Jiwe la Bismarck tunayaona maji yametulia, na ni rahisi kudhani hayaendi popote. Kumbe yanakwenda. Ziwa Victoria lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao uko Jinja, Uganda. Hapo ndipo Nile Nyeupe inapoanza safari. Inapita Ziwa Kyoga, inagusa Ziwa Albert, inaingia Sudan Kusini kwenye mabwawa makubwa, inafika Khartoum na kukutana na Nile ya Buluu itokayo Ethiopia. Maji mengi ya Misri ni ya Ethiopia. Fungu letu ni dogo, ila linatiririka mwaka mzima, masika na kiangazi.

Ukiipita Cairo, mto unagawanyika mara mbili, na kandokando ya mikono yake miwili iko nchi tambarare ya wakulima. Huko, katika jimbo la Dakahlia, kuna kijiji kiitwacho Tamay al-Zahayra. Ndiko alikozaliwa Umm Kulthum, zaidi ya miaka 100 iliyopita, katika nyumba ya watu wa kawaida kabisa.

Binti wa imamu

Baba yake, Sheikh Ibrahim al-Baltaji, alikuwa imamu wa msikiti wa kijiji. Uimamu haukumtosha kulisha familia, kwa hiyo aliongeza riziki kwa kuimba kasida na visa vya Mtume kwenye harusi na sherehe za vijiji vya jirani. Alimfundisha mwanawe wa kiume, Khalid, ili amsaidie. Binti hakufundishwa. Alikuwa humo ndani tu, anasikiliza, na akashika kila kitu. Baba alipomsikia akiimba peke yake alistaajabu, akamuingiza kwenye kundi.

Kabla ya hapo alikuwa amekwenda chuoni, akasoma Kurani kama watoto wengine. Dada zetu, hapa tunaomba mtulie kidogo, maana wote walioandika juu ya mwanamke huyu wanarudi hapohapo. Chuoni ndiko alikojifunza kuitoa kila herufi mahali pake, kuvuta panapovutwa na kukata panapokatwa, na kupumua bila kuvunja maana. Baadaye, alipokuwa akiimbia maelfu ya watu, wasikilizaji walisema kwamba hakuna neno lake lililopotea. Hakwenda shule ya muziki. Msingi wake ulikuwa ubao wa chuoni na kikohozi cha mwalimu anaposikia umekosea. Samaki mkunje angali mbichi.

Lakini baba alikuwa na woga uleule alionao mwenzetu wa hapa Mwanza. Binti yake kusimama mbele ya wanaume na kuimba? Suluhisho lake lilikuwa la ajabu: alimvalisha nguo za kiume, joho na kilemba cha Kibedui, akampandisha jukwaani kama mvulana. Kwa miaka kadhaa Umm Kulthum aliimba hivyo, akitembea na baba na kaka kutoka kijiji hadi kijiji, mara kwa miguu, mara kwa punda, mara kwa treni. Ada ilipoanza kupanda, baba alielewa kwamba watu hawaji kumsikiliza yeye.

Cairo inamcheka, kisha inanyamaza

Mnamo mwaka 1923 hivi familia ilihamia Cairo. Nyota wa mji wakati huo alikuwa Munira al-Mahdiyya, mwimbaji wa majukwaa ya michezo ya kuigiza, mwanamke wa mjini aliyejua kuvaa na kusema. Umm Kulthum alifika na nguo za shamba, akizungukwa na baba na kaka waliomuitikia bila ala yoyote ya muziki. Magazeti yaliisifu sauti, yakacheka mengine yote.

Hakurudi kijijini, wala hakujibizana. Alikaa chini akajifunza upya. Sheikh Abu al-Ila Muhammad alimfundisha kuimba mashairi ya zamani kwa kuielewa maana kabla ya kuyatia sauti. Mshairi Ahmad Rami alimletea vitabu, akamsomesha ushairi, na kwa miaka mingi akamwandikia nyimbo zaidi ya 100. Aliwatazama wanawake wa nyumba za heshima walivyovaa na walivyokaa na wageni, akachukua yanayomfaa na kuyaacha yasiyomfaa. Mwaka 1926 alifanya uamuzi mgumu: aliweka kando waitikiaji wa kifamilia, akaunda kundi la wapigaji hodari wa udi, kanuni na fidla, akiwemo Muhammad al-Qasabji aliyemtungia muziki. Kuwaambia baba na kaka kwamba sasa kazi imewapita si jambo dogo. Hakuwatupa. Baba aliendelea kuwa karibu na mambo ya mikataba na usalama wake.

Katika miaka hiyohiyo alitia saini mkataba na kampuni ya sahani za santuri ya Gramophone, ile iliyokuwa na picha ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Na hapa kuna kitu cha kutufurahisha sisi. Mwaka 1928 kampuni ileile ilimrekodi mwanamke wetu, Siti binti Saad wa Fumba, aliyesafiri na wenzake hadi Bombay kuimba Kiswahili kwenye sahani. Siti alizaliwa akiitwa Mtumwa, akapewa jina la Siti alipopanda heshima. Neno hilo ni la Kiarabu, «sitt», yaani bibi mwenye hadhi. Wamisri nao walipomzoea Umm Kulthum waliacha kumtaja jina, wakamwita hivyohivyo: al-Sitt. Mmoja mtoto wa watumwa aliyeuza vyungu, mwingine mtoto wa imamu maskini, na wote wawili walifikia jina moja kwa njia moja, ya sauti.

Filamu sita, basi

Mwaka 1935 Misri ilifungua Studio Misr, kiwanda kikubwa cha sinema kilichoanzishwa na benki ya Kimisri chini ya Talaat Harb. Filamu yao ndefu ya kwanza ilihitaji jina ambalo watu wote watalifuata, wakamwendea Umm Kulthum. Ikatoka «Widad», mwaka 1936. Alicheza mtumwa mwimbaji wa zama za Mamluk, ambaye bwana wake, mfanyabiashara, anafilisika na kulazimika kumuuza.

Baada yake zilikuja tano: «Nashid al-Amal» mwaka 1937, «Dananir» mwaka 1940, «Aida» mwaka 1942, «Sallama» mwaka 1945 na «Fatma» mwaka 1947. Sita kwa jumla, katika miaka 11. Waigizaji wengine wa Cairo walikuwa wakitoa idadi hiyo kwa mwaka mmoja au miwili. Yeye hakuwa na haraka. Alitaka asikilizwe kuhusu hadithi, nyimbo na watu atakaocheza nao, na alitaka fungu lake la faida badala ya ujira wa siku. Ukizitazama utaona alichokubali na alichokataa. Alicheza wanawake wenye shida, hata watumwa, lakini si wanawake wasio na heshima zao. Katika «Sallama» kuna mahali anasoma aya za Kurani, na waliomsikia walielewa mara moja alikosomea.

Filamu ya mwisho, «Fatma», inatuhusu sote tulioolewa. Fatma ni muuguzi. Ndugu wa mtu tajiri anampenda, na kwa kuwa hampati kwa njia nyingine anamuoa kwa ndoa ya karatasi isiyosajiliwa, ile Wamisri wanayoiita ya «urfi». Akishachoka anamwacha, na karatasi inapotea. Fatma anakwenda mahakamani kudai haki yake na ya mwanawe, na majirani wa mtaa wake maskini wanasimama naye. Mwaka 1947, wanawake waliojaa kwenye majumba ya sinema ya Cairo hawakuhitaji kufafanuliwa hadithi hiyo. Nasi hatuhitaji. Wangapi kati yetu tunajua cheti cha ndoa yetu kiko wapi leo?

Baada ya «Fatma» hakurudi tena mbele ya kamera. Macho yake yaliumia kwa taa kali za studio, tezi ya shingo ilimsumbua, na mama yake alifariki mwaka huohuo. Wengine wangeona mlango umefungwa. Lakini yeye alikuwa na mlango mwingine, uliokuwa wazi tangu zamani, na alikwisha kuupenda kuliko sinema.

Sauti inaingia ndani

Tarehe 31 Mei 1934 Misri ilifungua redio ya taifa, na Umm Kulthum aliimba siku hiyohiyo ya kwanza. Mwaka 1937 redio ilianza kurusha tamasha zake moja kwa moja kutoka ukumbini. Utaratibu uliozoeleka ukawa huu: Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi, katika msimu wa tamasha, usiku unaoamkia Ijumaa. Aliimba nyimbo mbili au tatu tu, na usiku mzima ukapita. Wimbo mmoja ungeweza kuchukua saa nzima na zaidi, kwa sababu alirudia mstari mara nyingi, kila mara kwa namna nyingine, kadiri ukumbi ulivyomuitikia.

Kwa miaka zaidi ya 30 usiku huo uliheshimiwa. Watu wa nchi nyingi za Kiarabu wanasimulia jinsi barabara zilivyotulia, wanaume wakijazana kwenye migahawa yenye redio.

Sisi lakini tulivutiwa na wale ambao hawakuwa migahawani. Sinema ilimtaka mwanamke atoke: apate ruhusa, nauli, mtu wa kumsindikiza na pesa ya tiketi. Kule Unguja mlikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao kwa sababu hiyo. Redio haikumtaka atoke. Ilimfuata jikoni, ikamkuta ananyonyesha, anakunja nguo, anapepeta mchele. Mke wa waziri na mke wa mkulima walisikia pumzi ileile wakati uleule. Na mwimbaji naye alipata alichokitaka: alisikika kila nyumba, na hakuna aliyemwona isipokuwa alipotaka aonekane, amesimama, amevaa gauni refu la mikono mirefu, leso mkononi. Jambo ambalo baba yake alijaribu kulipata kwa kilemba cha Kibedui, redio ililimaliza.

Hakukaa nyuma ya maikrofoni tu. Alikuwa katika kamati ya redio iliyochagua nyimbo za kurushwa, na katika miaka ya 1940 alichaguliwa rais wa chama cha wanamuziki, ingawa baadhi ya wanaume walisema wazi kwamba hawapendi kuongozwa na mwanamke. Mwaka 1944 Mfalme Farouk alimpa nishani ya juu. Mapinduzi ya Julai 1952 yalipomwondoa mfalme, nishani hiyohiyo ikamgeukia: nyimbo zake zikaondolewa redioni kwa kuwa alimwimbia mfalme. Inasimuliwa kwamba Gamal Abdel Nasser alipopata habari aliagiza zirudishwe mara moja. Nasser alijua kwamba redio isiyo na Umm Kulthum haina wasikilizaji.

Mwaka 1954, na sisi

Sasa turudi kando ya Ziwa. Mwanza ya miaka ya 1950 ilikuwa mji wa pamba. Reli kutoka Tabora ilikuwa imefika tangu mwaka 1928, meli zilikwenda Bukoba, Musoma, Kisumu na visiwani Ukerewe, na mwaka 1955 wakulima waliunganisha vyama vyao katika Victoria Federation, chini ya Paul Bomani. Palikuwa na maduka ya Wahindi na Waarabu, palikuwa na sinema, na filamu zilizotawala zilikuwa za Kihindi. Kidogokidogo, watu waliouza pamba vizuri wakaanza kununua redio.

Mwaka 1954 mambo kadhaa yalitokea pamoja. Aprili, bwawa la Owen Falls lilizinduliwa pale Jinja, na Misri ilikuwa imeshiriki kulilipia kwa sababu maji yetu ni maji yao. Julai, TANU ilizaliwa Dar es Salaam. Na mwaka huohuo Redio Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili. Sauti ya Dar es Salaam na Sauti ya Unguja zilikwisha kuwepo tangu mwaka 1951, lakini hizo zilikuwa chini ya serikali ya Mwingereza. Cairo ilisema yake. Kwa watu wa huku ilikuwa na uzito wa pekee, maana tangu mwisho wa mwaka huo hadi mwaka 1958 TANU haikuruhusiwa kufanya kazi Usukumani. Mkutano ungeweza kupigwa marufuku. Mawimbi mafupi ya redio hayakuwa na mlango wa kufungwa.

Mwaka 1956 Nasser alipoutaifisha Mfereji wa Suez, Uingereza, Ufaransa na Israeli zilishambulia, na mitambo ya Redio Cairo ilikuwa miongoni mwa vilivyopigwa mabomu. Redio ya Damascus ikachukua zamu, ikatangaza kwamba hapa ni Cairo. Umm Kulthum aliimba wimbo wa kuwatia watu moyo, «Wallah Zaman Ya Silahi», uliopendwa kiasi cha kufanywa wimbo wa taifa wa Misri kuanzia mwaka 1960 hadi 1979. Dada zetu, hebu fikirini: sauti iliyosomeshwa chuoni kijijini, ikawa sauti ya nchi nzima kusimama wima.

Bibi yetu wa kikao anakumbuka duka moja la Mwarabu lenye redio. Wanaume walikaa mbele, barazani. Wanawake walipitia uani, wakakaa kwenye mkeka nyuma ya pazia. Kiarabu cha nyimbo hawakukielewa. Walishika neno hapa na neno pale, yale waliyoyajua kwenye dua. Lakini, anasema, walijua herufi zikitoka vizuri, maana wote walisomeshwa chuoni, na walimtambua mwenzao. Kule kwenu Unguja waliomsikia walifanya zaidi ya kusikiliza. Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, na vilabu vilivyokifuata vilijenga makundi makubwa ya fidla, kanuni, udi na kodiani kwa mfano wa yale ya filamu na redio za Cairo. Taarabu tuliyoivalia kanga zetu nzuri ina mkono wa al-Sitt ndani yake.

Na tusisahau kwamba katika miaka hiyohiyo, kule Dar es Salaam, mwanamke aliyekuwa kiongozi wa kuimba katika kundi la ngoma la Bomba aliombwa aongoze wanawake wa TANU. Ni Bibi Titi Mohamed. Hakuwa na shahada wala ofisi. Alikuwa na sauti ambayo wanawake walikwisha kuizoea na kuiamini. Alipowaita, walijiunga kwa maelfu.

Alipowadai watu, walimpa

Mwaka 1954 Umm Kulthum aliolewa na daktari Hasan al-Hifnawi, na akaendelea na kazi. Mwaka 1964 aliimba kwa mara ya kwanza muziki wa Muhammad Abdel Wahab, mshindani wake wa miaka mingi. Wimbo huo, «Inta Umri», ulikuwa na gitaa la umeme, na wazee walioguna waliishia kuupenda.

Juni 1967 Misri ilishindwa vibaya vitani. Umm Kulthum alikwisha kuwa mtu mzima, mgonjwa wa macho na figo, na hakuna ambaye angemlaumu kama angekaa nyumbani. Alifunga mizigo. Aliimba ndani ya Misri, kisha Novemba akaimba katika ukumbi wa Olympia, Paris. Akaenda Tunisia, Libya, Morocco, Kuwait, Lebanon na Sudan, na mapato akayakabidhi kwa nchi yake. Wanawake walimpa hata dhahabu zao. Sudan ilimkaa moyoni, na mwaka 1971 aliimba shairi la Msudani, al-Hadi Adam. Alikuwa ameupandisha mto kwa sauti, kuelekea huku kwetu maji yanakotoka.

Alifariki Cairo tarehe 3 Februari 1975. Watu waliojaa barabarani waliwazidi nguvu waliopanga mazishi, wakalichukua jeneza mabegani na kulipitisha wenyewe mitaani hadi msikiti wa Hussein, ndipo akazikwa. Nusu karne imepita, na redio za nchi za Kiarabu bado zinampiga kila siku.

Tulivyorudi kwenye swali

Tulirudi kikaoni na haya yote. Tuliokuwa tukisema mtoto asitoke tulitazamana na tuliokuwa tukisema atoke, na tukaona kwamba wote tulikuwa tumeuliza swali nusu. Maisha ya Umm Kulthum hayasemi kila mwenye sauti nzuri aende studio. Alianza na elimu, na ile elimu ndiyo iliyomlinda baadaye. Alikuwa na watu wake karibu alipokuwa mdogo. Alijua anaimba maneno gani, ya nani, na pamoja na nani. Alisoma mkataba kabla ya kutia saini. Alikataa zaidi ya alivyokubali. Sinema ilipomdai macho yake, aliiacha, akabaki na kile kilichoilinda heshima yake na kumfikisha mbali zaidi.

Na kuna upande mwingine, uliotunyamazisha. Kila mmoja wetu alikumbuka mwanamke wa kwao aliyekuwa na sauti: shangazi wa Pemba aliyesoma maulidi watu wakalia, mama mkwe wa Kisukuma aliyeongoza nyimbo za kulima hadi jua linazama hakuna aliyechoka. Hakuna aliyewarekodi. Walipofariki, sauti zao zilizikwa nazo. Tulitaka kumlinda mtoto asipotee, na tulikuwa hatujafikiria kwamba kuna kupotea kwa namna hiyo pia.

Mama mwenyewe ndiye aliyeamua. Mtoto anaendelea na madrasa hadi amalize. Kijana wa studio ameambiwa alete karatasi, iandikwe rekodi ni mali ya nani, itatumika wapi, na nani ana haki ya kuifuta. Ameambiwa sauti kwanza, picha hapana, na mama atakuwa chumbani wakati wa kurekodi. Kijana amesema atafikiria. Mama amemwambia afikirie taratibu, mtoto haendi popote.

Alhamisi ile, baada ya Isha, bibi alimwita binti akae karibu naye. Alimfungulia Umm Kulthum kwenye simu, wimbo mmoja mrefu, akamwambia asisikilize uzuri, asikilize herufi. Mtoto aliinamisha kichwa. Baada ya muda midomo yake ilianza kutembea, bila sauti, akifuatisha.